Kurudilia wimbo wa huzuni: namna ya kupata sauti ya joto na ya upole kwenye gitare

Katika miji na vijiji vya mashariki mwa Congo, gitare inasikika kanisani, kwenye kilio, na mangaribi mbele ya nyumba. Vijana wengi wanarudilia nyimbo za zamani, zile za huzuni, na kuzirekodi na simu ao kwenye studio ndogo ya kartie. Mara nyingi mwimbaji anaimba vizuri, lakini gitare inatoka kali, sawa vile kijiko kinachogonga sahani, na wimbo unapoteza uzito wake.

Kwa familia iliyofiwa hilo si jambo dogo. Wimbo ambao marehemu alipenda unaweza kubaki kwenye simu ya watoto wake miaka mingi. Rekodi ikitoka mbaya, haifanywi tena kirahisi: watu wamekwisha kurudi kwao, na pesa ya studio imekwisha. Wengi wanafikiri dawa ni mashine, ao gitare ya bei kubwa. Lakini sehemu kubwa ya dawa iko mkononi mwa mpiga gitare mwenyewe, na haiuzwi.

Maelezo haya yanahusu zaidi gitare isiyotumia umeme, ile wanamuziki wetu wanaita "sèche".

Sauti ya joto ni nini?

Kamba ya gitare ikiguswa, haitetemeki kwa namna moja tu. Inatetemeka yote nzima, na wakati ule ule inatetemeka kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kwa vipande vidogo zaidi. Mtetemo wa kamba nzima unatoa noti yenyewe. Mitetemo midogo inatoa sauti nyembamba za juu ambazo zinaipa noti sura yake. Zikiwa nyingi, sikio linasema gitare inang'aa, ao iko kali. Zikiwa chache, sikio linasema gitare iko na joto, iko ya mviringo, iko tamu.

Kamba nene ya mi, kwenye gitare iliyoakordishwa kawaida, inatetemeka karibu mara 82 kwa sekunde. Ile nyembamba ya mi inatetemeka karibu mara 330. Ukali wenyewe unakaa juu zaidi, kati ya mara 2000 na 5000 kwa sekunde, na ni pale ambapo sikio la mtu linasikia kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana ukali kidogo tu unatosha kufunika maneno ya mwimbaji.

Basi, kutafuta joto si kuongeza kitu. Ni kupunguza zile sauti nyembamba, bila kuua noti. Anayepunguza kupita kiasi anaangukia shida nyingine: sauti ya potopoto, ambamo noti zinachanganyikana na akordi haijulikani tena. Kazi yote iko kati ya hizo mbili.

Pahali pa kugusa kamba

Hii ndiyo njia ya kwanza, na matokeo yake yanasikika pale pale. Karibu na shevale, yaani kile kibao kinachoshika kamba juu ya tumbo la gitare, kamba iko ngumu na inatoa mitetemo midogo mingi. Sauti inatoka kavu na kali. Mkono ukisogea kuelekea tundu, sauti inalainika. Ukivuka tundu na kufika pale shingo inapoanzia, sauti inakuwa ya upole sana, karibu na ile ya kinubi.

Sababu iko rahisi: mahali kidole kinapovuta kamba, mitetemo ambayo ingetulia mahali pale haizaliwi. Kamba isiyobanwa ikivutwa katikati kabisa, juu ya chuma cha 12 cha shingo, ule mtetemo wa nusu unapotea, na ule wa robo pia. Noti inabaki karibu peke yake.

Watu wengi wanaweka mkono mahali pamoja tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, bila kufikiri. Kwa wimbo wa huzuni, inafaa mkono ukae kati ya tundu na shingo wakati mwimbaji anaimba, kisha urudi kidogo kuelekea shevale pale gitare inapobaki peke yake. Msikilizaji hatajua nini kimefanyika, lakini atasikia wimbo unapumua.

Kidole, ukucha ao mediatori?

Mediatori ya plastiki ngumu inafaa kwa rumba ya kuchezesha watu na kwa sifa za korali kubwa. Kwa wimbo wa kulilia mtu, mara nyingi inakata mno. Nyama ya kidole iko laini na pana: inagusa kamba kwenye sehemu kubwa zaidi na inazima sauti nyembamba kabla hazijatoka. Ukucha uko katikati. Mwenye kucha ndefu na anayetafuta upole azikate, ao alaze kidole kidogo ili nyama itangulie.

Kuna mfano wa kwetu. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta kijana mmoja pa Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Kijana yule alikuwa Mwenda Jean-Bosco, anayejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka wa 1930. Wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka, na mpaka leo wapiga gitare wa inchi za mbali wanaujifunza. Mwenda aliimba kwa Kiswahili na alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kuume: kidole gumba kwa kamba nene, na kidole cha shahada kwa zile nyembamba.

"Masanga" si wimbo wa kilio, iko na mwendo wa haraka na wa furaha. Lakini namna ile ya kupiga inafundisha kitu: gumba linatembea peke yake sawa vile mtu anayetembea njiani, na kidole cha pili kinasema maneno juu yake. Mpiga gitare akichukua kazi ile ya vidole viwili, akaipunguza mwendo nusu, na akasogeza mkono kuelekea shingo, anapata mashairi mazima ya huzuni bila kitu kingine.

Kuna ujanja mwingine wa mkono wa kushoto. Noti moja inaweza kupatikana mahali pengi. Ile mi ya kamba ya kwanza iliyoachwa wazi inapatikana pia kwenye kamba ya pili, chuma cha 5, na kwenye kamba ya tatu, chuma cha 9. Ni noti ile ile, lakini kadiri kamba inavyokuwa nene, ndivyo noti inavyokuwa na nyama zaidi. Mwenye kupiga melodi ajaribu kuiondoa kwenye kamba ya kwanza na kuihamishia kwenye ya pili na ya tatu.

Kamba za chuma ao za nailoni?

Kamba za nailoni ziko na upole wa asili. Zile tatu nyembamba ni nailoni tupu. Zile tatu nene ni nyuzi laini zilizozungushiwa waya mwembamba. Kamba za chuma zinasikika mbali zaidi na ziko na mwangaza. Kati ya zile zinazozungushiwa shaba, kuna aina mbili zinazoonekana mara nyingi sokoni: za bronzi ya kawaida, zinazong'aa sana, na za bronzi yenye fosforo, ambazo ziko na joto kidogo zaidi. Jina la aina linaandikwa kwenye karatasi ya kamba.

Hapa kuna hatari inayogharimu watu gitare zao. Gitare iliyotengenezwa kwa nailoni haiwekwi kamba za chuma. Kamba sita za nailoni zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 40. Kamba sita za chuma, hata zile nyepesi, zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Gitare haijengwi kubeba mzigo ule: tumbo linavimba, shingo inapinda, na siku moja shevale inangoka. Ni rahisi kutambua: kwenye gitare ya nailoni, kamba zinafungwa kwa fundo kwenye shevale, na kichwa kiko na matundu mawili marefu. Kwenye gitare ya chuma, kamba zinaingia ndani ya shevale na kushikwa na vijiti vidogo.

Kamba mpya za chuma ziko kali siku za kwanza. Mwenye kurekodi wimbo wa upole asizibadilishe asubuhi ya siku ile ile. Afanye siku chache mbele, azipige mpaka zitulie. Kamba iliyozeeka kidogo iko na joto juu jasho na vumbi vimeziba sauti nyembamba. Lakini kamba yenye kutu ni kitu kingine: haishiki akordi tena, hasa noti za juu ya shingo, na hakuna upole katika gitare isiyoakordika. Kitambaa kikavu kinachopita juu ya kamba kila mara baada ya kupiga kinachelewesha kutu, zaidi sana katika miji ya kando ya ziwa.

Wengine, kamba ikikatika na pesa ikikosekana, wanaweka waya wa freni ya baiskeli. Inasaidia kuendelea na sala ao kilio, lakini waya ule ni mgumu na sauti yake haifanani na zile zingine tano. Kama hakuna njia nyingine, inafaa usiwekwe pahali pa kamba inayobeba melodi.

Kuteremsha gitare

Njia nyingine isiyo na gharama ni kuteremsha kamba zote sita kwa nusu-toni ao toni moja. Kwa toni moja, mi la re sol si mi inakuwa re sol do fa la re. Mvuto wa kamba unapungua karibu sehemu moja kwa tano, na mi ile nene inashuka kutoka 82 mpaka karibu 73. Kamba inalegea, vidole vinapumzika, na sauti inakuwa nzito na ya ndani. Mwimbaji naye anashuka, na sauti ya kifua inatoka, ile inayofanana na mtu anayeongea karibu.

Kuna mpaka. Ukiteremsha zaidi ya toni moja kwenye kamba nyepesi, zinaanza kugonga vyuma vya shingo na kupiga makelele. Wakati huo ni lazima kamba nene zaidi. Kisha kila kuteremsha, gitare inahitaji dakika kadhaa na kuakordishwa tena mara mbili ao tatu, juu shingo inajirudisha. Programu za bure za kuakordisha ziko kwenye simu na zinatosha.

Kapo inafanya kinyume: inapandisha na kufupisha kamba, na sauti inang'aa. Mwenye kutafuta joto aitumie kidogo, chuma cha 1 ao cha 2 tu.

Ikiwa noti zinalia muda mrefu mno na kuingiliana, kipande chembamba cha sifongo ya godoro kinawekwa chini ya kamba, karibu kabisa na shevale. Noti zinakuwa fupi na za upole. Upande wa mkono wa kuume unaweza kufanya kazi ile ile: unalazwa kidogo sana juu ya kamba mbele ya shevale.

Huzuni haiko kwenye akordi peke yake

Wengi wanaamini wimbo wa huzuni ni lazima uwe kwenye la minere ao mi minere. "Malaika", ambao Fadhili William wa Kenya aliurekodi na ambao Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliutembeza duniani, uko kwenye gamu ya majere, ile inayosemwa kuwa ya furaha. Hata hivyo, watu wanausikia kama wimbo wa maumivu, juu unaongea kuhusu kijana anayependa lakini hana mali ya kuoa. Toleo rahisi linapigwa na akordi tatu: do, fa na sol.

Ni mfano mzuri wa kujifunzia. Akordi zile tatu zikipigwa kwa mediatori, zote sita kwa pamoja, karibu na shevale, wimbo unakuwa wa karamu. Zikipigwa na gitare iliyoteremshwa toni moja, gumba likigusa kamba nene moja, kisha vidole vikigusa zile za kati moja kwa moja, na kamba ya kwanza ikiachwa mara nyingi kimya, wimbo ule ule unakuwa wa usiku. Mwendo pia unahesabika. Mwenye haraka hana huzuni. Mwishoni mwa kila mstari, noti iachwe ife yenyewe kabla ya kuanza mwingine. Kimya kile ni sehemu ya wimbo.

Kurekodi na simu

Mikro ya simu nyingi iko chini, karibu na tundu la chaja. Ni upande ule unaoelekezwa kwa gitare, na mkono ao ganda la simu lisiuzibe. Kosa la kawaida ni kuweka simu mbele kabisa ya tundu la gitare. Pale hewa inatoka kwa nguvu, na rekodi inajaa mvumo wa basi. Pahali pazuri ni kuelekea chuma cha 12, kwa umbali wa sentimita 20 mpaka 30. Kama mtu anaimba na kupiga kwa pamoja, simu ipande mpaka usawa wa kifua, isogezwe mpaka karibu sentimita 50, na ijaribiwe mara kadhaa mpaka sauti na gitare zilingane.

Chumba nacho kinapiga muziki. Kuta za sima na chumba kitupu vinarudisha sauti nyembamba, na gitare ya upole inageuka kuwa kali tena. Chumba cha kulala, chenye godoro, blanketi na nguo zinazotundikwa, kinafaa kuliko salon. Chini ya manjanja, mvua ikinyesha, hakuna rekodi. Ni vizuri kungoja saa ambapo jenereta za majirani zimezimwa. Simu iwekwe kwenye modi avion, juu mlio wa ujumbe ukiingia katikati ya wimbo, kazi yote inarudiliwa.

Rekodi ikiisha, namna ya kuituma inahesabika. Ikirekodiwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, inabanwa sana na joto linapotea. Ni bora kurekodi na programu ya kurekodi, kisha kutuma faili lile kama dokima.

Gitare inayochomekwa kwenye bafle

Kanisani na kwenye kilio kikubwa, gitare nyingi ziko na kifaa kidogo chini ya shevale na zinachomekwa na jaki. Kifaa kile kinachukua mtetemo wa kibao, si hewa ya tumbo, na sauti yake inatoka kama ya plastiki. Watu wanajibu kwa kupandisha basi mpaka mwisho. Matokeo ni potopoto, na bafle inaanza kulia yenyewe.

Njia nzuri ni kuanza na vifungo vyote katikati. Kisha kushusha kile cha sauti nyembamba polepole mpaka ukali uondoke, na kile cha kati kidogo kama plastiki bado inasikika. Basi inaguswa ya mwisho, na kidogo tu. Eko inafaa kuwa fupi: ikisikika wazi, imekwisha kuwa nyingi.

Kusikiliza kama wengine wanavyosikiliza

Watu wengi watausikia wimbo kwenye radio ndogo ya betri ao kwenye simu. Bafle ndogo namna ile haiwezi kutoa mtetemo wa mara 82 kwa sekunde. Sikio linajaza lenyewe noti nene kwa kusikia mitetemo iliyo juu yake. Kwa hiyo anayeongeza basi nyingi sana studio anaongeza kitu ambacho wasikilizaji wake hawatasikia, na kwenye bafle kubwa ya kanisa kitatetemesha madirisha. Joto linalofika kwenye radio ndogo liko katikati, kati ya 200 na 500 hivi, na hilo linatoka kwa mkono: nyama ya kidole, kamba nene, karibu na shingo.

Kabla ya kumpa mtu rekodi, isikilizwe kwenye simu ya bei ya chini, sauti ikiwa chini, mtu akiwa mwisho wa chumba. Kama maneno yanasikika na gitare haichomi sikio, kazi imefaulu.

Kwa mwenye saa moja tu

Mtu aliyeitwa leo kurudilia wimbo wa marehemu, akiwa na gitare moja na simu moja, afuate utaratibu huu. Dakika kumi za kwanza: kupangusa kamba, kuteremsha nusu-toni, kuakordisha mara mbili. Dakika ishirini: kupiga wimbo bila mediatori, mkono kati ya tundu na shingo, mpaka mwendo utulie. Dakika tano: kutafuta chumba chenye godoro na kuweka simu kuelekea chuma cha 12. Dakika kumi na tano: kurekodi mara tatu, bila kusimamisha kwa kosa dogo la kidole. Muda unaobaki ni wa kusikiliza zile rekodi tatu na mmoja wa familia, na kumwachia achague. Mara nyingi hatachukua ile isiyo na kosa.